Chupa moja tu ya soda usiku kucha, na mswaki napiga kila siku: jinsi meno yangu manne yalivyotoboka

#1 (mtoa mada)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, kila nikikaa kuandika naacha, ila juzi kuna dogo mmoja tunafanya naye kazi nimemuona na chupa yake pembeni ya kompyuta, anapiga fundo anafunika, anapiga fundo anafunika, nikajiona mimi wa miaka mitatu iliyopita. Nikasema leo naandika, atakayesoma asome.

Nilikuwa nafanya shifti ya usiku, kazi ya kukaa mbele ya skrini kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Usingizi ukija nafungua soda. Na naomba hili lieleweke vizuri maana stori yote iko hapo, mi sikuwa mtu wa soda nyingi. Chupa moja ya nusu lita kwa usiku mzima. Moja. Wenzangu walikuwa wanamaliza mpaka mbili, wao wakifungua wanaigida dakika tano imekwisha chupa wanatupa, mimi yangu naibana, kafundo kadogo kila nikisikia macho mazito, mpaka alfajiri bado kuna kidogo chini imeshaisha gesi. Mswaki asubuhi na jioni sikosi, dawa yangu ya meno ina floraidi, kwahiyo kichwani mwangu niko salama kuliko wote pale ofisini.

Kilichonipeleka kwa daktari wa meno ni maji baridi. Nilikunywa maji asubuhi moja, jino la juu upande wa kushoto karibu na fizi likapita kitu kama umeme, sekunde mbili kikaisha. Nikavumilia kama miezi miwili hivi, nikawa natafunia kulia, na kulia nako kukaanza. Nilipofika daktari akanikalisha kwenye kiti, akanipa kioo nishike mwenyewe, akainua mdomo wa juu, akayapuliza meno hewa yakakauka kabisa, akaniambia tazama hapo jino linapokutana na fizi. Kulikuwa na mstari mweupe. Sio ule weupe wa jino tuliouzoea, weupe wa chaki, hauna mng'ao, umefuata mkunjo wa fizi kama mtu amechora kwa kalamu. Kwenye meno mengine ule mstari ulishageuka kahawia na katikati pamebonyea. Akagusa pale palipobonyea na kile kichuma chake, taratibu sana, nikasikia mpaka kwenye jicho.

Manne yametoboka, matatu yana mstari mweupe hayajatoboka bado.

Nikamwambia dokta mimi mswaki napiga. Hakubisha hata kidogo. Akaniuliza unakunywa nini, nikasema soda moja tu kwa usiku. Akaniuliza swali ambalo maisha yangu yote sikuwahi kuulizwa: hiyo moja unaimaliza kwa muda gani?

Sasa nieleze nilivyoelewa, maana baada ya pale nilisoma sana.

Mdomoni kila mtu ana bakteria, hilo halikwepeki. Anayetajwa zaidi kwenye kuoza meno anaitwa Streptococcus mutans, alielezwa mara ya kwanza mwaka 1924 na mtafiti wa Uingereza anaitwa J. Kilian Clarke. Hawa wanaishi kwenye ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi ukiamka. Ukinywa kitu cha sukari na wao wanakula, na wakila wanatoa asidi. Hii sukari ya kawaida ya mezani ndio inawafaa kupita kiasi kwasababu mbali na asidi wanaitumia kutengeneza kitu kama gundi, wananata zaidi kwenye jino na asidi yao inabaki imebanwa humo humo chini ya utando.

Jino kwa nje lina enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, mfupa hauoni ndani. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, kalsiamu na fosfeti kwa wingi. Lakini ugumu wake wote unaisha kwenye asidi. Hali ya pale juu ya jino ikishuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi), yale madini yanaanza kuyeyuka. Maji safi yako kwenye 7. Soda ya kola iko kama 2.5. Na kipimo hiki hakiendi kama rula, ukishuka namba moja asidi imeongezeka mara kumi, kwahiyo kutoka 5.5 mpaka 2.5 ni mara elfu moja. Soda inakuja na asidi yake tayari kwenye chupa, inagonga jino, afu sukari yake inabaki kuwalisha bakteria ambao nao wanatoa ya kwao.

Anayetuokoa ni mate. Yanaosha sukari, yanapunguza makali ya asidi, na yamebeba kalsiamu na fosfeti ambazo zinarudi kwenye enameli kuziba pale palipoanza kulainika. Ndio maana mtu anakula kitu kitamu leo na jino halitoboki kesho. Ila mate yanataka muda. Miaka ya 1940 kuna mtafiti Mmarekani, Robert Stephan, alipima asidi kwenye ukoga baada ya watu kusukutua sukari, akakuta ndani ya dakika chache pH imeshashuka chini kabisa na kurudi juu inachukua kama nusu saa mpaka saa nzima.

Piga hesabu sasa. Mwenzangu anayeigida dakika tano, meno yake yanakaa kwenye asidi kama saa moja, baada ya hapo mate yana usiku mzima wa kurekebisha. Mimi wa fundo moja kila baada ya robo saa, mate yakianza tu kunyanyua kichwa nayapiga tena. Masaa nane. Siku tano kwa wiki. Sukari ile ile ya chupa moja, gramu hamsini na kitu, kama vijiko kumi na tatu vya chai, yeye kaipeleka tumboni na mimi nimeipitisha kwenye meno tone kwa tone.

Daktari alinipa kazi ya nyumbani. Akasema usibadilishe kitu chochote, leo usiku nenda kazini na soda yako kama kawaida ila weka karatasi, kila fundo andika saa. Nikaandika. Mpaka asubuhi mistari 34. Nafasi kubwa kuliko zote kati ya fundo na fundo ilikuwa dakika 40, pale nilipotoka kwenda kula. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Meno matatu nimeziba, la nne lilishafika kwenye kiini ikabidi lisafishwe mzizi, na hilo ndio lilikuwa linanipiga nikilala, nikiinuka linatulia nikilala linaanza. Sitaki mtu yeyote humu apitie ule usiku.

Karibuni kwa maswali, ntajibu ninachokijua.

#2

Mkuu pole sana. Ila mi naona meno ni kurithi tu bana. Kuna mzee kwenye familia yetu kanywa soda tangu ujana na chai yake anaijaza sukari, meno yote anayo mpaka leo. Na kuna watu hawagusi soda kabisa wameoza. Tusiisingizie soda kila kitu.

#3 (mtoa mada)

Mkuu #2 asante. Kurithi kupo sikatai, wengine mate ni mengi, wengine magego yana mifereji ya kina kirefu ukoga unajificha humo, na wengine wanatumia dawa zinazokausha mdomo, huyo hata akila sukari kidogo anaumia. Ila huyo mzee nakuomba umuangalie anakunywaje. Kama soda yake ni ya mezani pamoja na chakula na akimaliza kamaliza, mi sishangai meno yake kuwepo.

Kuna utafiti wa zamani wa Sweden ulifanyika kwenye taasisi inaitwa Vipeholm, ulianza miaka ya 1940 na matokeo yakatolewa 1954. Niseme wazi kwanza kwamba ulifanywa kwa watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wanatunzwa pale, hawakuulizwa ridhaa yao, waliharibiwa meno makusudi, na leo unatajwa kama mfano wa kitu kisichotakiwa kufanyika tena. Naumia hata kuutaja ila walichokilipia wale watu tusikipoteze. Waliopewa sukari ndani ya kinywaji wakati wa mlo meno yao yaliharibika kidogo tu. Waliopewa tofi za kunata katikati ya milo, mara nyingi kwa siku, yalioza vibaya sana. Tofauti kubwa ilikuwa ni sukari inakuja mara ngapi na inang'ang'ania kwenye jino muda gani.

Hapo ndio nilipojiona mimi. Soda hainati kama tofi, lakini ukiinywa fundo moja moja kwa masaa nane umeigeuza kuwa tofi.

#4

Kaka asante kwa uzi, umenigusa. Mi sio soda, ni mwanangu. Ana miaka miwili kasoro, hawezi kulala bila chupa yake ya juisi, naichanganya na maji ili isiwe kali, ananyonya mpaka anapitiwa nayo mdomoni. Sasa nimeona meno ya juu ya mbele yana weupe kama doa afu moja pembeni lina ukahawia. Ya chini yako safi kabisa. Mama mkwe anasema ni meno ya utoto yataanguka yenyewe nisihangaike. Nisaidieni jamani sina amani.

#5

Dada #4 mimi nafanya kazi kliniki ya meno, sio daktari ila haya tunayaona kila wiki. Hiyo picha uliyoitoa, ya juu ya mbele yameanza na ya chini safi, ndiyo yenyewe ya chupa ya usiku. Mtoto akinyonya ulimi unakaa juu ya meno ya chini unayafunika, na mate mengi yanatokea chini ya ulimi pale pale, kwahiyo ya chini yanapona. Ya juu yanaoga juisi peke yake. Na akishalala mate yanapungua sana na hamezi kama akiwa macho, ile juisi inakaa pale masaa.

Kuichanganya na maji haisaidii kama unavyodhani, bakteria hawahitaji sukari nyingi, wanahitaji ije mara nyingi na ikae.

La mama mkwe mheshimu ila usilifuate. Meno ya utoto yapo 20 na enameli yake ni nyembamba kuliko ya ukubwani, likianza kutoboka linakwenda haraka. Magego ya utoto mengine yanakaa mpaka miaka kumi au kumi na mbili. Yakioza mtoto anaumwa, hali vizuri, halali, usaha ukiingia chini unaweza kuharibu jino la ukubwani linalojijenga hapo chini, na likingolewa mapema majirani wanasogea nafasi inaziba, la ukubwani linakuja limepinda.

Fanya hivi. Usiku chupa ibaki maji tu. Atalia siku tatu nne, mshike. Kama huwezi kukata mara moja kila usiku punguza juisi ongeza maji mpaka ndani ya wiki iwe maji matupu. Mchana akinywa kitu kitamu kiwe na chakula, kwenye kikombe. Mswaki jioni kabla ya kulala na baada ya hapo maji peke yake, dawa ya floraidi kiasi cha punje ya mchele, akifika miaka mitatu ndio unaweka kiasi cha punje ya njegere. Na mpeleke akaonwe wiki hii, usisubiri aumwe. Lile doa jeupe bado linaweza kurudishwa, wanampaka floraidi ya juu ya jino, dakika chache tu. La kahawia ndio wataamua.

Na wazazi wote, inueni mdomo wa juu wa mtoto mara moja kwa mwezi kwenye mwanga muangalie mpaka wa fizi. Sekunde kumi.

#6

Dah #5 umeeleza vizuri. Swali langu, mimi nimehamia soda za daiti zile hazina sukari kabisa, si niko salama?

#7

Na mi niongezee hapo hapo, juisi ya matunda unayokamua mwenyewe nyumbani bila kuongeza sukari? Maana wote tunaambiwa juisi ni afya.

#8 (mtoa mada)

#6 kwa upande wa bakteria uko vizuri, vitamu vya daiti hawavitumii kutengeneza asidi. Lakini ile asidi ya kwenye chupa ipo pale pale, ya fosfori au ya sitriki, na inafanya kazi yake hata bila bakteria. Huo ni uharibifu wa aina nyingine, jino halitoboki shimo moja, linalika uso wote taratibu. Linakuwa laini linang'aa kama kioo, ncha za mbele zinakuwa nyembamba mpaka mwanga unapenya, afu rangi ya njano inatokea kwasababu dentini ya ndani inaanza kuonekana. Na enameli ikishaondoka hairudi, seli zilizoitengeneza zinakwisha kazi jino likishatoka kwenye fizi. Kwahiyo daiti ni nafuu kweli kuliko ya sukari, ila ukiibeba siku nzima kama nilivyobeba mimi yangu utaumia kwa njia nyingine.

#7 Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linahesabu sukari ya juisi ya matunda kundi moja na sukari ya kuongeza, asali nayo imo. Wanasema isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni vizuri zaidi, hiyo 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kopo moja la soda la mililita 330 lina gramu kama 35. Tunda ukilitafuna ni kitu kingine, sukari imo ndani ya nyuzinyuzi na kutafuna kunaleta mate. Ukilikamua umeitoa sukari nje na asidi yake juu, juisi ya chungwa iko pH kama 3.5 hivi. Mimi juisi nakunywa, glasi moja na chakula, basi.

#9

Wakuu sisi wa mazoezi vipi? Nakunywa zile za wanamichezo wakati nakimbia na enaji kabla ya jimu. Nilikuwa najua ni maji yenye chumvi chumvi tu.

#10

#9 mdogo wangu zile nyingi zina sukari na asidi, zipo kwenye pH ya 3 na kitu, na mbaya zaidi unakunywa wakati mdomo umekauka kwa kuhema, mate hamna. Wachezaji wengi tunawapokea kliniki miili iko safi kabisa ila meno yameisha. Mazoezi ya saa moja maji yanatosha. Kama unakimbia mbio ndefu na unahitaji sukari kweli, kunywa kwa mkupuo usikae nayo mdomoni, fuatisha na maji.

(ni mimi #5)

#11

Mi nna hoja tofauti, mtoa mada. Umesema ulikuwa unapiga mswaki na floraidi mara mbili na bado. Sasa mswaki kazi yake nini? Mtu akisoma hivi atakata tamaa aache kabisa.

#12 (mtoa mada)

#11 asante sana umeuliza la maana, nisingependa mtu aache mswaki kwa ajili yangu. Mswaki unaondoa ukoga, na floraidi inaingia kwenye enameli wakati inajirekebisha na kuifanya ngumu zaidi, enameli yenye floraidi inavumilia mpaka pH 4.5 hivi badala ya 5.5. Kwa mtu anayekula kawaida hiyo ni kinga kubwa mno. Bila mswaki nadhani ningekuwa sina meno ya kuziba.

Lakini nilikuwa nakosea mawili. La kwanza, nikitoka shifti fundo la mwisho nimepiga kwenye njia, nafika nyumbani hata viatu sijavua nashika mswaki. Enameli imetoka kulainishwa na asidi afu mi naisugua, na kwa nguvu, nikiamini nasafisha. Daktari akasema sukutua maji kwanza, subiri angalau nusu saa, ikifika saa nzima vizuri zaidi, ndio upige. Na brashi laini.

La pili nilikuwa nikimaliza nasukutua maji mara tatu nne mpaka ile ladha ya dawa iishe mdomoni. Yaani floraidi yote naitema kwenye sinki. Sasa hivi natema povu basi, sisukutui, ladha inabaki nimeizoea ndani ya wiki. Na angalieni tyubu zenu, kwa mtu mzima floraidi iwe kati ya 1000 na 1500 ppm (yaani sehemu kwa milioni), imeandikwa nyuma kwa maandishi madogo.

#13

Nimesoma huu uzi jana nikafanya ile ya karatasi. Mi soda sinywi kabisa nikajua hainihusu. Mi ni chai. Nina chupa ya chai mezani inakaa na moto mpaka jioni, vijiko viwili kila kikombe, na kikombe hakikai kitupu. Nimehesabu mafundo 52 kabla ya saa tisa mchana nikaacha kuhesabu. Na nina magego mawili nimeng'oa mwaka jana sikuwahi kuunganisha.

#14 (mtoa mada)

#13 pole ndugu yangu, na asante kwa kuandika, maana wengi watasoma wakiona neno soda wapite. Chai haina asidi kali kama soda lakini sukari ni ile ile na bakteria hawaulizi imetoka wapi. Ukiweza kuinywa bila sukari kaa nayo mezani siku nzima haina shida. Usipoweza, ya sukari iwe ya asubuhi na chakula, inayobaki iwe bila sukari. Ladha inabadilika, ulimi unachukua wiki mbili tatu, mwanzoni ni ngumu siwezi kukudanganya.

Kuna mtu kaniuliza inbox niliachaje. Sikuacha yote mara moja. Wiki ya kwanza nilihamisha soda kwenye muda wa kula, saa nane usiku, naimaliza pale pale, kwa mrija niliuweka nyuma ya meno ya mbele, afu maji. Kinachobaki kwenye meza ni chupa ya maji. Nilichogundua ni kwamba mkono ndio ulikuwa unataka kushika kitu, usingizi ulikuwa kisingizio, ile chupa ya maji ikachukua nafasi. Kichwa kiliniuma siku nne tano hivi, ni kafeini. Baada ya mwezi nikawa nakunywa nusu natupa inayobaki, afu nikahamia kopo dogo, sasa hivi ni mara moja kwa wiki siku ya mapumziko nikiwa na familia mezani. Usingizi ukinibana natafuna bablishi isiyo na sukari, yenye zailitoli (kitamu ambacho bakteria hawakitumii kutengeneza asidi) kama naipata, kutafuna kunaleta mate.

#15

Habari za jioni, ni mimi #4. Tulienda. Daktari kasema yale yenye weupe yatapakwa floraidi na tutarudi baada ya miezi mitatu, lile la kahawia ameliziba, mwanangu kalia lakini ilikuwa dakika chache. Usiku wa kwanza bila juisi hatukulala mimi na yeye, wa pili kaamka mara mbili, jana kanywa maji kalala. Mama mkwe alikuwepo kliniki, daktari alimuonyesha kwenye kioo, na jana yeye ndio aliyejaza maji kwenye chupa. #5 dada au kaka Mungu akubariki.

#16

Amina dada #4, ni mimi #5. Usisahau hiyo miezi mitatu, mkirudi mapema tunaona kama lile doa limesimama au linaendelea. Wengi wakiona mtoto halii tena hawarudi.

#17

Mtoa mada na yale yako matatu yenye mstari mweupe yaliishia wapi? Maana hujasema.

#18 (mtoa mada)

#17 kweli sijasema. Nilirudi baada ya miezi sita, akanipa kioo kile kile, akainua mdomo akapuliza hewa. Kwenye mawili mstari umefifia, lazima jino liwe kavu kabisa na utafute ndio uone. La tatu mstari upo bado na aliniambia huo utabaki, ila akapitisha kile kichuma juu yake nikawa nimejikunja nasubiri maumivu, kikateleza. Mwanzo palikuwa pamekwaruza kama chaki, sasa panang'aa. Akaniambia hapo pameshafunga, pameganda hivyo hivyo. Nimepita mwaka wa pili sasa hakijaongezeka kitu.

Na yule dogo wa kazini nimempa karatasi na kalamu jana usiku. Hajanirudishia bado.